Mpera wa mama Ujiji ulikuwa unakatwa, nimeung'oa nataka kuufanya bonsai (uzi wa maendeleo)

MtuWaUjiji · 26 Septemba 2021

Wakuu habari za jioni, mimi humu ni msomaji tu wa siku zote, leo ndio nafungua uzi wangu wa kwanza kwa hiyo mnivumilie uandishi.

Iko hivi. Nyumbani Ujiji mbele ya nyumba kuna mpera wa siku nyingi sana, mama anasema alipoolewa 1978 aliukuta tayari unazaa. Sasa familia tumekaa kikao tumekubaliana pale mbele zijengwe fremu tatu mama awe anapata kodi, na fundi kasema msingi unapita palepale kwenye mti hakuna namna. Sikubisha, kodi ni kodi. Ila mti ule nimeupanda nikaanguka nikavunjika mkono, na fimbo zake zimenichapa nyumbani na shuleni mpaka namaliza darasa la saba, nikifikiria unaenda kuwa kuni naona kabisa siwezi.

Kuna video nilikuwa naangalia za Wajapani wanang'oa visiki vizee wanavipanda kwenye chombo kifupi kama sinia vinageuka miti midogo ya kizee kabisa. Bonsai. Kabla hamjauliza, sio mbegu maalum ya mti mfupi, ni mti wa kawaida tu unakatwa na kuelekezwa ubaki mdogo, na jina lenyewe kwa Kijapani ni kama kusema kilichopandwa kwenye sinia.

Huu mpera chini una unene wa paja la mtu mzima, umepinda kidogo kama mzee aliyeshika kiuno, na ganda linabanduka vipande vipande chini yake laini, kahawia na kijani. Umri upo tayari, hauigizwi. Fundi anaanza tarehe 11 Oktoba. Naombeni mwenye uzoefu: nikate kimo gani, mizizi nibakize kiasi gani, udongo gani?

KaushaDagaa · 26 Septemba 2021

Mti umekuchapa utoto wako wote na wewe unaenda kuufungia kwenye beseni. Hiki ni kisasi mkuu usitudanganye 😂

Gereji_Gungu · 26 Septemba 2021

Mpera? Si ununue mche tu upande nyuma ya nyumba, miaka mitatu unakula mapera. Au panda michikichi mkoa mzima sasa hivi unaimba michikichi. Haya mambo ya sinia sijui kisiki ni kujitafutia kazi. Ila weka picha.

NtaNaAsali · 27 Septemba 2021

Mwangaluka wakuu. Nipo Tabora hapa Kanyenye, nina bonsai zangu kama kumi na mbili, mkwaju, bogenvilia, mkuyu na komamanga moja, kwa hiyo nitasema ninachokijua kwa mikono sio cha video.

Mtoa mada kwanza una bahati. Mpera ni mti unaochipua kwenye shina zee bila matatizo, ukiukata ukabaki gogo tupu lisilo na jani unatoa macho kwenye ganda. Sio miti yote iko hivi. Watu wananiuliza sana kuhusu saiprasi za uani, ukikata saiprasi ukavuka sehemu yenye kijani tawi lile limekwisha, halichipui tena.

Kimo usikate kirefu. Kila mtu anaogopa anaacha mita moja, matokeo yake anapata nguzo yenye majani juu. Uzuri wa bonsai ni shina kuwa nene chini na kupungua kadiri linavyopanda, sasa shina lako likiwa na unene wa paja kata sentimita 30 mpaka 40 kutoka ardhini, halafu juu utaliotesha upya kwa chipukizi moja liwe ndio ncha, nalo ukilikata na kulikuza mara mbili tatu linapungua lenyewe. Kata mshazari, sio mlalo, maji yasituame.

Mizizi ndio roho ya jambo. Chimba mduara uache kama sentimita 30 kila upande, mzizi mkuu unaoshuka chini kata bila huruma, ila mizizi myembamba kama nywele ichunge kama yai maana ndio inakunywa, ile minene ni ya kushikilia tu. Funga gunia lililolowa palepale, mizizi isione jua hata dakika kumi.

Muda uko vizuri, mvua zinakaribia na mti unajiandaa kuamka. Ungesema Juni ningekwambia subiri.

MtuWaUjiji · 27 Septemba 2021

Kaka umenifungulia darasa kabisa. Udongo je?

NtaNaAsali · 27 Septemba 2021

Usitumie udongo wa bustani, huo ndio unaua wengi. Kwenye chombo unashikamana kama uji uliopoa, mizizi inakosa hewa inaoza. Tafuta matofali ya kuchoma yaliyovunjika, ponda yawe punje za ukubwa wa mahindi na ndogo kidogo, vumbi lote chekecha utupe. Changanya na mchanga wa punje kubwa ulioosha na mkaa uliopondwa kidogo. Ukimwaga maji yapite yote chini ndani ya sekunde chache. Mbolea weka kando kabisa mpaka mti uwe na mizizi.

Na jeraha la juu liziba kwa nta ya nyuki, iyeyushe na mafuta kidogo isipasuke. Huku kwetu nta sio shida, nitumie namba pm nikuwekee kipande kwenye treni.

Bi_Mdashi · 27 Septemba 2021

Jamani mti nao ni kiumbe, kuukata kichwa na miguu halafu mnaita sanaa. Haya, mimi nimekaa hapa naangalia.

MtuWaUjiji · 10 Oktoba 2021

Wakuu jana na leo kazi imefanyika. Nilidhani saa mbili, imenichukua siku mbili na vijana wawili na sululu na msumeno ule wa upinde. Mizizi mingi ya mpera kumbe inakaa juujuu, nimepata mingi ya nywele upande wa kusini, ila upande wa kaskazini uliokuwa karibu na ukuta ni mizizi mitatu minene basi, nywele hakuna. Hilo linanitisha.

Nimekata sentimita 38. Mama alikuwa amekaa barazani anaangalia bila kusema kitu mpaka msumeno ulipomaliza ndio akasema "sasa hilo ndilo umeokoa?" Nikakosa jibu maana kusema ukweli lilikuwa gogo tu kama la kupasulia kuni.

Chombo nimegonga boksi la mbao za paleti, chini wavu wa dirishani. Udongo tofali za kuchoma na mchanga wa ziwani Kibirizi, nta ya Tabora imefika salama asante sana kaka. Gogo nimelifunga kwa kamba kwenye boksi lisitikisike. Nimeweka chini ya mwembe wa jirani kwenye kivuli. Mifuko ya plastiki tangu ipigwe marufuku 2019 haionekani, kwa hiyo nimefunika na kipande cha nailoni ya kitalu ili unyevu usikimbie.

Picha tatu hizo chini.

Gereji_Gungu · 10 Oktoba 2021

Nimeona picha. Mkuu hilo ni gogo.

KaushaDagaa · 10 Oktoba 2021

Kuni za daraja la kwanza hizo, kilo mbili za maharage zinaiva 😂😂

MtuWaUjiji · 7 Novemba 2021

WAKUU LIMECHIPUA!!! Siku 28! Nimehesabu macho kumi na saba, mekundu mekundu madogo yanatoka kwenye ganda zee kabisa, hata kwenye ukingo wa nta. Nimemwita mama akaja akavaa miwani akaangalia akasema eeh.

Leo nimelitoa kivulini nimeliweka juani vizuri lipate nguvu, nimeondoa nailoni, na machipukizi mawili marefu nimeyazungushia waya yaanze kuelekea ninapotaka mapema kabla hayajakomaa. Naona tumeshinda.

NtaNaAsali · 8 Novemba 2021

Kaka umefanya nini. Rudisha kivulini LEO. Toa waya.

MtuWaUjiji · 8 Novemba 2021

Kwani vipi mkuu? Si limeshika?

NtaNaAsali · 8 Novemba 2021

Machipukizi sio mizizi. Gogo nene kama lile lina chakula na maji ya akiba ndani yake, linaweza kutoa majani mwezi mzima bila mzizi hata mmoja mpya, kama kitunguu kinavyochipua sokoni juu ya meza. Akiba ikiisha na chini hakuna kinachonyonya, majani yanalala siku moja hayaamki. Nimepoteza mikwaju miwili hivyo hivyo, nilishangilia kuliko wewe.

MtuWaUjiji · 19 Novemba 2021

Nimechelewa kurudi hapa kwa aibu. Nilirudisha kivulini siku ile ile jioni lakini jua la siku moja lilitosha, macho kumi na saba yamebaki sita. Upande wote wa kaskazini, ule usiokuwa na nywele, umekauka, nimekwangua kwa kucha chini ya ganda ni kahawia sio kijani. Mama kauliza mti wako mgonjwa? Nikamwambia umelala.

MhaWaUghaibuni · 20 Novemba 2021

Mdogo wangu usiukatie tamaa, naomba nikupe langu. Mimi ni wa Kasulu ila niko Uingereza mwaka wa kumi na tano huu. Jirani yangu mzee mmoja aliamua kuondoa ua wake wa miti inaitwa yuu, kisayansi Taxus baccata, mti wa kizungu wa majani membamba ya kijani kibichi sana unaopandwa sana kwenye makaburi ya makanisa yao. Watoto wake waliukata wakawa wanatupa visiki kwenye kontena la taka, nikaomba kimoja. Walinicheka kama hao wanavyokucheka wewe.

Nilichimba mwezi Machi kabla baridi haijaisha kabisa, maana huku saa ya mti kuamka ni hiyo sio kama kwetu mvua za Novemba. Nikaweka kwenye boksi lenye mawe mepesi ya volkano, sikugusa. Miezi mitano hakuna kitu, yaani gogo kavu na mimi namwagilia kama mwendawazimu. Mwezi wa nane ndio likatoa vitone vya kijani. Nikasema sasa nianze, fundi mmoja wa bonsai huku akanikatalia, akaniambia mwaka wa kwanza ni wa mti, wewe huna zamu. Miaka miwili kamili sikukata hata kijani kimoja, acha kila tawi likimbie linavyotaka maana majani ndio yanayolisha mizizi na mizizi ndio inayorudisha majani. Mwaka wa tatu ndio nikafunga waya wa kwanza.

Yuu ni tofauti na jamii yake, miti mingi ya aina ya saiprasi na misonobari haichipui kwenye mti mzee kama alivyosema kaka wa Tabora, lakini yuu unachipua hata kwenye gogo la miaka mia, ndio maana watu wa bonsai wanaupenda. Na unakua polepole mno. Kuna mmoja uko kijiji cha Fortingall Scotland wanakadiria umri wake kwa maelfu ya miaka, na wataalamu bado wanabishana ni elfu ngapi. Ila ni sumu, majani, ganda na mbegu, ng'ombe na farasi wakila wanakufa, kilicho salama ni ile nyama nyekundu ya tunda tu na hata hiyo mbegu yake ndani ni sumu. Mimi navaa glavu kila nikikata. Halafu dawa ya saratani ya paclitaxel waliipata kwenye ganda la ndugu yake wa Marekani. Wako wewe ni mpera, unakula matunda na majani unachemsha mtu akiwa na tumbo la kuendesha, una raha.

Huo upande uliokufa usiutoe. Subiri.

MtuWaUjiji · 20 Novemba 2021

Dada Mungu akubariki. Nafunika, nakaa mbali.

Bi_Mdashi · 21 Novemba 2021

Mimi niliyesema mti ni kiumbe hamkunisikia, ila da Mha kasema kwa Kiingereza kizuri mmesikia 😏

MtuWaUjiji · 13 Februari 2022

Salamu wakuu. Miezi mitatu sijaandika kwa sababu sikuwa na cha kuandika, nilikuwa namwagilia tu. Machipukizi sita yamekuwa matawi sita, moja lina urefu wa mkono wangu. Juzi mvua kubwa imepiga ikamwaga udongo pembeni ya boksi nikaona mizizi myeupe imejaa ukingoni. Sikuuchokonoa, imejionyesha yenyewe.

Swali sasa. Mwenzetu wa hapa Mwanga kanishauri nikachukue na kikonyo cha ule mwembe wa Livingstone pale makumbusho nifanye bonsai ya historia, niuze kwa watalii. Inawezekana?

NtaNaAsali · 13 Februari 2022

Kwanza mwembe wenyewe ambao Livingstone na Stanley walikutana chini yake 1871 ulishakufa, iliyopo ni inayosemekana ilitokana na ule. Pili hiyo ni mali ya makumbusho, usiguse. Tatu mwembe ni bonsai mbaya, jani lake refu kama kiganja na zaidi halipungui vya kutosha, utapata fimbo yenye majani manne. Hata msituni msiende kung'oa bila kibali, ni kosa. Visiki viko kwenye viwanja vinavyojengwa kila mtaa, ombeni tu, watu wanachoma moto vitu vizuri kila siku.

KaushaDagaa · 14 Februari 2022

Mimi naulizia, mti kwenye sinia si utakufa tu baada ya miaka mitatu minne? Mizizi itakosa pa kwenda.

MhaWaUghaibuni · 14 Februari 2022

Haufi ukitunzwa, unakatwa mizizi kila baada ya miaka kadhaa na kubadilishiwa udongo inaota upya. Kuna msonobari mweupe wa Japani ulianza kutunzwa chomboni 1625, ulikuwa Hiroshima kwa familia ya Yamaki bomu lilipoanguka Agosti 1945, ukuta ukaukinga, na 1976 ukapewa Marekani zawadi. Upo Washington mpaka leo hii. Familia hiyo waliumwagilia vizazi na vizazi.

KaushaDagaa · 14 Februari 2022

Aisee. Basi nafuta kauli ya maharage.

MtuWaUjiji · 30 Oktoba 2022

Mwaka umepita tangu tung'oe. Mambo mawili, moja zuri moja la kunitoa machozi.

Zuri, fremu zimekwisha, mama ana wapangaji wawili, saluni na wakala wa pesa.

Baya, mchwa. Ule upande uliokufa nilikuwa nauona ndio utakuwa pambo, mti mfu mweupe kama kwenye video. Asubuhi moja naona njia ya udongo inapanda kutoka mguu wa meza mpaka kwenye gogo, nikaibomoa, ndani wamekula wamefika katikati, kidole changu kinaingia mpaka kiungo cha pili. Huku kwetu kiti ukikisahau nje wiki moja unakikuta kinyago.

Nilichofanya nimekwangua kilichooza chote kwa patasi mpaka nikakutana na mbao ngumu, kwa hiyo sasa kuna pango kutoka chini mpaka juu, nikaliacha likauke vizuri. Miguu ya meza nimeisimamisha kwenye makopo ya maziwa yenye mafuta machafu ya gari, hayo nimeomba kwa Gereji_Gungu na amenipa bure, mzee wa gogo. Dada wa Uingereza yeye mti wake mfu anaupaka dawa ya chokaa na salfa unakuwa mweupe na kudumu, akasema na yuu wenyewe mbao yake ni ngumu mno haiozi haraka. Mpera wetu unaoza. Nimekubali kwamba wangu hautakuwa na pembe nyeupe, utakuwa na tundu kama la bundi.

Jingine, majani yamekuwa ya njano ila mishipa imebaki kijani. Nikaongeza mbolea ikazidi.

NtaNaAsali · 30 Oktoba 2022

Hiyo sio njaa, hiyo ni maji. Bomba lenu linatoka ziwani na maji ya Tanganyika yana alkali, ukimwagilia mwaka mzima kwenye chombo mti unashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yapo. Kinga mvua kwenye pipa. Kiangazi ukikosa, changanya nusu kwa nusu na ile uliyohifadhi.

Gereji_Gungu · 30 Oktoba 2022

Oil nyingine ipo mkuu njoo na galoni. Na mimi kuna kisiki cha bogenvilia kwenye kiwanja cha jirani nakiangalia angalia 😅

MtuWaUjiji · 22 Januari 2023

Njano imeisha. Maji ya mvua tu hakuna kingine. Nimeamini.

Sasa waya nimeanza, kwa ruhusa ya wakubwa. Natumia waya wa shaba wa umeme, nauchuna plastiki halafu nauchoma kwenye jiko la mkaa mpaka uwe mwekundu, ukipoa unakuwa laini kama mlenda, unazungusha kwa mshazari huku kidole gumba kinashika tawi lisivunjike. Ile binding waya ya mafundi nondo msitumie ni ngumu na inashika kutu. Mpera tawi likiwa bado la kijani linapinda popote, likishakuwa la kahawia linakatika kwa kicheko. Angalieni kila wiki mbili, mimi nimesafiri Kibondo siku ishirini na tano nimerudi waya umezama kwenye ganda, alama ipo mpaka leo kama ya pete iliyobana.

Kuhusu mbolea natumia vumbi la dagaa. Usiku wa kwanza paka wa mtaa mzima walifanya kikao kwenye boksi. Sasa nalivundika kwenye ndoo ya maji wiki tatu nachuja, harufu yake wapangaji wa mama wamelalamika na wana haki.

Bi_Mdashi · 23 Januari 2023

Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Endelea mwanangu.

MtuWaUjiji · 12 Novemba 2023

Leo umetoka kwenye boksi umeingia kwenye sinia. Miaka miwili na mwezi.

Sinia nimelitengeneza mwenyewe la sementi, nimechimba umbo ardhini nikamwaga humo, matundu manne chini, urefu sentimita 50 kina 9. Nilijaribu kwanza chungu cha mfinyanzi mama mmoja wa huku, kizuri sana, lakini cha moto mdogo, kilipasuka nilipokuwa nagonga udongo. Sementi mpya msipande moja kwa moja, ina chokaa kali, mimi nimelizamisha kwenye pipa wiki tatu nabadilisha maji.

Mizizi nimekata kama theluthi, ilikuwa imezunguka boksi lote kama wavu wa dagaa. Mizizi ya juu nimeifunua ionekane imeshika ardhi, upande wa kusini ipo mitano mizuri inatambaa, upande wa pango hakuna kitu kwa hiyo huo ndio mgongo. Au ndio uso? Tulibishana na kaka wa Tabora kwenye simu nusu saa. Yeye anasema pango lifichwe nyuma, mimi naona bila pango ni mpera tu umekatwa vizuri, pango ndilo linasema kilichoupata. Nimegeuza pango mbele kidogo pembeni.

Majani yalianza sentimita 12 sasa yako 5 mpaka 6, ni kukata ncha kila tawi likitoa jozi nne narudisha mbili, na jua la kutosha.

NtaNaAsali · 12 Novemba 2023

Nimeangalia picha mara tatu. Pango libaki mbele. Nimeshindwa kesi.

MhaWaUghaibuni · 13 Novemba 2023

Mzuri sana mdogo wangu. Yuu wangu na mpera wako wamelingana unene ila wangu kwa mwendo ule utafika hapo nikiwa na wajukuu. Unakata wiki hii unakata wiki ijayo, mimi nakata mara mbili kwa mwaka.

MtuWaUjiji · 24 Novemba 2024

Ua. Moja tu. Jeupe lina nyuzi nyuzi katikati, kwenye tawi la pili kushoto. Nimewahi kusoma matunda ya bonsai hayapungui ukubwa kama majani, kwa hiyo likishika litakuwa pera la kawaida kwenye mti wa sentimita 45. Kaka umeniambia nilikate lisichoshe mti?

NtaNaAsali · 24 Novemba 2024

Kwa sheria ndio. Lakini moja tu, mti una afya, acha.

KaushaDagaa · 25 Novemba 2024

Acha acha acha. Tumesubiri miaka mitatu humu. Likiiva tunataka picha, uzi huu hauwezi kufungwa bila picha ya pera.

MtuWaUjiji · 2 Februari 2025

Limeshika. Lina ukubwa wa ndimu. Nimelifungia kamba kwenye tawi la juu maana lilikuwa linavuta tawi lote chini, na nimelivalisha kipande cha chandarua dhidi ya nzi wa matunda.

Gereji_Gungu · 16 Machi 2025

Mkuu vipi pera? Halafu bogenvilia yangu ina macho tisa, nipo kivulini, sijagusa, nimejifunza kwa maumivu yako.

MtuWaUjiji · 6 Aprili 2025

Wakuu naomba mnisamehe.

Ijumaa lilikuwa la njano kabisa, linanukia mpaka barazani. Nikasema Jumapili mwanga wa asubuhi ni mzuri, nitapiga picha vizuri na nguo nyeusi nyuma kama wanavyofanya wenyewe. Leo asubuhi nimeamka nimetandika nguo, nimeweka sinia juu ya meza, naangalia chandarua kipo kimekunjwa vizuri pembeni, pera hakuna. Nikajua ni watoto wa mpangaji. Nikaingia ndani kwa hasira kumwambia mama.

Mama yuko jikoni anakunywa chai. Akaniambia "lilikuwa limeiva, ungeacha liangukie chini?" Nikamuuliza basi lilikuwaje. Akasema mbegu nyingi, kama zamani.

KaushaDagaa · 6 Aprili 2025

😂😂😂😂 piga picha chandarua basi

NtaNaAsali · 6 Aprili 2025

Mti wake huo. Baada ya kuzaa uupe mapumziko, usikate kitu mwezi mzima, na Novemba angalia mizizi kama imejaa sinia. Mbegu mama kazitupa wapi?

MtuWaUjiji · 6 Aprili 2025

Kasema nyuma ya choo. Nakwenda kuangalia.